Kwa nini pesa za mitaji India hazipandi basi kwenda mikoani (uzi mrefu)

#1 · Mzigo wa Kuni (mleta uzi)

Wakuu, habari za saa hizi. Uzi huu niliuahidi siku ile mjadala wa kampuni changa ulipoishia kwenye matusi. Ni mrefu, nitauweka kwa vipande. Mwenye swali aulize katikati, asisubiri nimalize.

Nilisoma Coimbatore, kusini mwa India, jimbo la Tamil Nadu. Ni jiji la pampu za maji na viwanda vya nyuzi. Nilipomaliza chuo nikabaki mwaka mmoja na nusu kwenye kampuni changa ya watu tisa. Tulikuwa tunatengeneza kifaa cha kufunga kwenye mashine ya kusokota, kinamwashia fundi taa kabla uzi haujakatika. Wateja wetu walikuwa dakika ishirini kwa pikipiki. Kazi yangu ilikuwa kutunza hesabu na kupanga zile kurasa za kuwaonyesha wawekezaji.

Wateja karibu, wawekezaji mbali. Wao walikuwa Bengaluru, kilomita kama 360, basi la usiku. Bosi wetu alikuwa anapanda saa nne usiku, shati ameliweka kwenye hanga na kulining'iniza dirishani lisikunjike. Alfajiri anashuka stendi ya Majestic, ananawa na kubadilisha nguo kwenye choo cha kulipia, kisha anaenda mtaa wa Koramangala kusubiri miadi ya saa tano kwenye mgahawa wa kahawa. Nilimsindikiza mara mbili. Mara ya pili mwenyeji wetu alitupa dakika ishirini na tano. Kifaa alikigeuzageuza mkononi kama mtu anayechagua nyanya, akakirudisha mezani. Kisha akauliza maswali mawili, na ninayo kwenye daftari mpaka leo: "Nani mwingine ameshaingia?" na "Mnahamia lini Bengaluru?"

Simlaumu, na jina lake halina kazi hapa. Lakini yale maswali mawili ndiyo uzi wenyewe. Tunaambiwa pesa hii inafuata wazo zuri. Nilichokiona mimi ni kwamba inamfuata mtu anayefikika kirahisi na mwenye mtu wa kumsemea. India ina watu zaidi ya bilioni 1.4, lakini sehemu kubwa ya pesa za namna hii inaangukia maeneo matatu tu: Bengaluru, Delhi pamoja na jirani zake Gurugram na Noida, na Mumbai. Wakati huohuo serikali yao inasema karibu nusu ya kampuni changa ilizozitambua rasmi ziko kwenye miji ya daraja la pili na la tatu. Kampuni zimesambaa kotekote, ila pesa imejikunyata pembeni ya meza zilezile.

#2 · Kalamu Kavu

Nimevuta kiti. Ila mkuu, kabla hujaenda mbali, hiyo "mitaji" unayosema ni ipi? Maana hata mkopo wa benki ni mtaji. Tusije tukabishana wiki nzima kumbe kila mtu ana lake kichwani.

#3 · Mzigo wa Kuni

Swali la msingi. Nazungumzia mtaji wa ubia. Mfuko unachangisha pesa kwa wakubwa (mifuko ya pensheni, vyuo vikuu vyenye akiba, matajiri), unapewa kama miaka kumi, unanunua hisa kwenye kampuni changa ishirini au thelathini. Anayeusimamia anajua kabisa kwamba nyingi zitakufa. Anasubiri moja au mbili zitakazorudisha za wote na faida juu.

Sasa angalia tofauti na benki. Benki ikikukopesha inashika hati ya nyumba. Hati haijali mwenye benki anaishi wapi, ukishindwa kulipa nyumba inapigwa mnada. Mwenye mtaji wa ubia hashiki hati yoyote. Anachoshika ni kiti kwenye bodi na habari za ndani: nani anataka kuacha kazi, mteja gani ananung'unika, mwanzilishi analala au halali. Habari za aina hiyo haziandikwi kwenye barua pepe. Unazipata ukipita ofisini bila taarifa, au ukikutana na mhandisi wao kwenye foleni ya kahawa.

Marekani wamelipima hili zamani. Josh Lerner wa Harvard, mwaka 1995, alionyesha kwamba mwekezaji mwenye ofisi ndani ya maili 5 (kilomita 8 hivi) kutoka kwenye kampuni alikuwa na uwezekano mara mbili wa kukaa kwenye bodi yake kuliko aliye zaidi ya maili 500. Mwaka 2016 Bernstein, Giroud na Townsend wakaja na kipimo ambacho mimi nakipenda zaidi: waliangalia kilichotokea ndege ya moja kwa moja ilipoanzishwa kati ya mji wa mwekezaji na mji wa kampuni aliyokwisha kuiwekea pesa. Kampuni ileile, mwekezaji yuleyule, kilichobadilika ni safari kuwa fupi. Uvumbuzi ukaongezeka, na uwezekano wa kampuni kununuliwa au kufika soko la hisa ukapanda.

Ndiyo maana Januari 2021 Air India ilipoanzisha ndege ya moja kwa moja San Francisco hadi Bengaluru, karibu kilomita 14,000 bila kutua, magazeti yaliandika habari za marubani wanawake watupu walioirusha ile safari ya kwanza (na walistahili sifa). Mimi nilijiuliza abiria wa viti vya mbele ni akina nani.

#4 · Binti Sefu

Mleta uzi, hapo kwenye Mumbai umepita haraka kama mdaiwa anayepita mbele ya duka. Soko la hisa la BSE liko Mumbai tangu 1875. Benki Kuu ya India iko Mumbai. SEBI, mamlaka ya masoko ya mitaji, iko Mumbai. Kama pesa inapenda kukaa karibu na wenzake, Bengaluru ilipaswa kuwa mkiani. Ukaribu wako unakwamia hapo, kaka.

#5 · Mzigo wa Kuni

Dada umenikamata pazuri, na hapa ndipo penye utamu.

Jibu fupi: pesa ya mtaji wa ubia ya India haikutoka Mumbai. Kwa miaka mingi sehemu kubwa imetoka nje, hasa Marekani. Mtu anayetoa pesa California kwake yeye Mumbai na Bengaluru ni umbali uleule. Kwa hiyo mfuko ukifika India haukuwa na sababu ya kukaa karibu na mabenki. Ulitafuta kukaa karibu na kile ambacho hakisafiri kwa waya wa benki, yaani wahandisi na watu wanaowajua wahandisi.

Jibu refu lina historia. Taasisi ya Sayansi ya India (IISc) ilianzishwa Bengaluru mwaka 1909. Mwaka 1940 kikaja kiwanda cha ndege kilichozaa HAL, shirika la serikali la kutengeneza ndege. Baada ya uhuru serikali ikarundika hapo mashirika ya umma ya simu, elektroniki na zana za mashine, na shirika la anga za juu, ISRO, likaweka makao yake makuu hapo. Haya yote ni maamuzi ya watu waliokaa mezani, hakuna soko lililopiga kura. Infosys, kampuni ya programu za kompyuta, ilizaliwa Pune mwaka 1981 ikahamia Bengaluru 1983. Texas Instruments, kampuni ya chipu ya Marekani, ikafungua kituo cha usanifu mwaka 1985. Kufikia hapo mji una kizazi kizima cha wahandisi wenye mishahara, na wachache wao wana hisa.

Jambo ambalo watu wengi hawalijui: mwaka 1988 serikali ilipotoa miongozo ya kwanza ya mtaji wa ubia, ICICI na UTI, vyombo viwili vikubwa vya fedha vyenye makao Mumbai, viliunda kwa pamoja kampuni ya mtaji wa ubia iitwayo TDICI. Wakaiweka Bengaluru. Wenye pesa wa Mumbai wenyewe waliona kazi hii haifanyiki wakiwa Mumbai. Kanuni za SEBI za mifuko ya aina hii zilikuja baadaye, 1996.

Halafu ukaja uzao. Sachin na Binny Bansal walifanya kazi Amazon, Bengaluru, wakatoka mwaka 2007 na kuanzisha Flipkart, duka la mtandaoni, kwenye nyumba ya vyumba viwili Koramangala. Waliotoka Flipkart wakaanzisha PhonePe (malipo kwa simu) mwaka 2015 na Udaan (soko la jumla mtandaoni) mwaka 2016. Mwaka 2018 Walmart ikanunua kama asilimia 77 ya Flipkart kwa dola bilioni 16, na watu wengi wenye hisa wakawa na pesa mkononi, wakiwa na umri mdogo na muda wa kutosha. Pesa yao ya kwanza waliipeleka wapi? Kwa mtu waliyekaa naye dawati moja. Ile "nani mwingine ameshaingia?" kwa mtu aliyetoka Flipkart ina jibu kabla hajaulizwa. Kwa Bosi wangu aliyekuwa fundi wa mashine za nyuzi, haina.

Mumbai haikukaa bure. Nykaa, ya vipodozi, ni ya kule, na mwanzilishi wake Falguni Nayar alikuwa mtu wa benki ya uwekezaji. Utaona mambo ya fedha na bidhaa za walaji yanapenda Mumbai. Lakini hata Ola, ya teksi za kuita kwa simu, iliyoanzia Mumbai mwaka 2010, ilifungasha ikahamia Bengaluru.

#6 · Chapa Nne

Mimi niliambiwa ni hali ya hewa. Bengaluru iko juu, zaidi ya mita 900, kuna kaubaridi, Wazungu wanapenda. Historia yote ya nini 😂

#7 · Mzigo wa Kuni

Ooty, mji wa milimani hukohuko kusini, iko juu kuliko Bengaluru na ina baridi ya kuvaa sweta mchana. Nitajie kampuni moja ya dola bilioni iliyotoka Ooty, nakusubiri hapa.

#8 · Dokta Pembeni

Nakubaliana na sehemu kubwa ya hoja, lakini historia yako inaweza kutumika kuelezea chochote kilichokwisha kutokea. Chukua Hyderabad. Microsoft ina kituo chake kikubwa pale tangu 1998. Wahandisi wamejaa. Serikali ya jimbo la Telangana ilifungua T-Hub mwaka 2015, na 2022 ikahamia kwenye jengo jipya kubwa sana la kulea kampuni changa. Viungo vyote vipo sufuriani. Mbona pesa haijafika kwa kiwango cha Bengaluru?

#9 · Mzigo wa Kuni

Dokta, jengo linajengwa kwa miaka mitatu, watu waliokwisha kutajirika kwa hisa hawajengwi. Mhandisi aliyeko kwenye kampuni kubwa yenye mshahara mnono na bima ya familia nzima hana haraka ya kutoka. Anayemfanya atoke ni kumwona jirani yake ametoka na hakufa njaa. Bengaluru jirani wa namna hiyo ni wengi.

La pili ni kero ya kijinga lakini ni ya kweli: Hyderabad hadi Bengaluru ni kama saa moja angani. Karibu kiasi kwamba mwenye mfuko haoni sababu ya kufungua ofisi, mbali kiasi kwamba hapiti bila taarifa. Mji wa namna hii unabaki kuwa wa "tutakuja mwezi ujao". Coimbatore ndiyo usiseme.

Na hapo kwenye kuelezea chochote kilichokwisha kutokea, napokea. Kama HAL ingewekwa Nagpur, mji wa katikati ya India, mwaka 1940, pengine leo ningekuwa naandika uzi kuhusu Nagpur.

#10 · Nahodha wa Mchanga

Mimi nina povu kidogo. Mnasema ukaribu unasaidia kusimamia. Je, Byju's? Kampuni ya elimu, makao Bengaluru hapohapo, mwanzilishi katoka Azhikode, Kerala, akaenda mjini kama mlivyosema. Mwaka 2022 inathaminiwa dola bilioni 22. Juni 2023 mkaguzi wa hesabu Deloitte anajiondoa na wakurugenzi watatu waliowakilisha wawekezaji wanajiuzulu kwenye bodi. Julai 2024 inaingizwa kwenye taratibu za ufilisi. Wawekezaji wakubwa, wengine ofisi zao ziko mji uleule, na viti wamekalia. Wamesimamia nini? Hiyo dakika ishirini na tano mliyopewa nyinyi ilikuwa na ukali kuliko miaka yao yote.

#11 · Mzigo wa Kuni

Nahodha, hapo sina pa kukimbilia. Kukaa karibu kunampa mtu nafasi ya kuona, hakumlazimishi aangalie. Na kuna ubaya wake: mkishakuwa mnakula meza moja, kuuliza hesabu za mwaka jana kunaonekana utovu wa adabu. Kila mfuko unaingia kwa sababu mwingine ameingia, hakuna aliyefungua daftari.

Hili nalo lina kipimo. Mwaka 2010 Chen, Gompers, Kovner na Lerner waliangalia mifuko ya Marekani iliyojaa San Francisco, Boston na New York. Waligundua kwamba mifuko ya miji hiyo inafanya vizuri, lakini uwekezaji uliowapa matokeo mazuri zaidi ulikuwa ule walioufanya mbali na nyumbani. Ukitafakari ina mantiki. Kampuni ya mbali ili ikupandishe ndege lazima iwe imekushtua kweli. Ya jirani unaingia hata kwa kuona aibu kukataa.

Kwa hiyo ukiniuliza wanaoumia na ramani hii ni akina nani, nitakwambia ni pande mbili: wenye kampuni za mikoani wanaonyimwa, na wenye pesa wanaolipa bei kubwa kugombania kampuni zilezile za mtaa mmoja.

#12 · Mama Wawili

Naomba niongeze kipande ambacho mleta uzi amekiruka, maana ndiyo riziki yangu (kodi za kimataifa, nipo upande wa nyaraka).

Mnazungumzia Bengaluru na Mumbai kana kwamba pesa inaingia kutoka angani na kutua hapo. Kwenye makaratasi kulikuwa na kituo katikati, na kwa miaka mingi kituo hicho kilikuwa kisiwa cha Mauritius. Mkataba wa kodi kati ya India na Mauritius wa mwaka 1982 uliipa Mauritius haki ya kutoza kodi faida ya kuuza hisa, na Mauritius haikutoza. Kwa hiyo mfuko wa California unasajili kampuni Port Louis, mji mkuu wa Mauritius, kampuni hiyo ndiyo inanunua hisa India. Ukisoma takwimu za uwekezaji kutoka nje, kisiwa chenye watu milioni moja na kidogo kilikuwa kinaonekana ni miongoni mwa wawekezaji wakubwa kabisa wa India. Mkataba ulirekebishwa 2016, na hisa zilizonunuliwa kuanzia Aprili 1, 2017 zikaanza kutozwa India.

Halafu kuna kampuni zenyewe. Flipkart, ya Koramangala hiyohiyo, kampuni mama yake ilisajiliwa Singapore. Walmart ilinunua hisa za Singapore. Wengine Delaware, Marekani. Mwekezaji anapenda sheria anayoijua na mahakama anayoiamini, basi kampuni inavaa nguo anayoitaka mwekezaji.

Kurudi nyumbani kuna bei. PhonePe ilihamisha usajili wake kutoka Singapore kwenda India mwaka 2022, na uongozi wao ulisema hadharani kwamba wawekezaji walilipa kodi ya kama rupia bilioni 80, karibu dola bilioni moja. Ofisi haikusogea hata mita. Kilichohama ni karatasi.

#13 · Kalamu Kavu

Mama Wawili umeua. Dola bilioni moja kuhamisha karatasi! Kwa hiyo kuna ramani ya watu, halafu kuna ramani ya makabati ya nyaraka.

#14 · Mzigo wa Kuni

Asante sana Mama Wawili, hicho kipande nisingekiandika vizuri hivyo.

Sasa kuna mtu ameniuliza pembeni: kwani kampuni haiwezi kukua bila kuhamia huko? Inaweza. Mfano wangu ni jimbo lilelile nililosoma. Zoho, ya programu za biashara, ilianza 1996 kwa jina AdventNet, na haikuchukua pesa za mtaji wa ubia. Makao yake India yako Chennai. Mwaka 2011 ilifungua ofisi karibu na Tenkasi, mji mdogo kule chini kabisa, ikaajiri vijana wa vijiji vya jirani. Mwanzilishi wake Sridhar Vembu mwenyewe akaenda kuishi huko. Hakuna mtu wa kumuuliza "unahamia lini?" kwa sababu hakuna aliyeweka pesa zake. Nilipoanza kuifuatilia Zoho nilidhani hadithi yake inahusu uzalendo. Siku hizi naona inahusu nani ameshika hisa.

Linganisha na kampuni iliyozaliwa na mtu wa Zoho. Girish Mathrubootham alitoka Zoho, akaanzisha Freshworks, nayo ya programu za biashara, Chennai hiyohiyo, mwaka 2010. Huyu alichukua pesa za mifuko. Septemba 2021 ikaingia Nasdaq, soko la hisa la Marekani, na wafanyakazi zaidi ya 500 India wakawa na hisa za thamani ya zaidi ya rupia milioni 10 kila mmoja. Ni jambo kubwa kwa Chennai. Lakini makao makuu yalishahamia San Mateo, California. Watu wengi wa kazi walibaki Chennai, anwani ya kwanza kwenye karatasi ikawa ng'ambo.

Wa tatu ni Physics Wallah, kampuni ya masomo ya mtandaoni. Alakh Pandey alikuwa mwalimu wa fizikia Prayagraj, akifundisha kwenye YouTube. Alikuja kuchukua pesa za mifuko mara ya kwanza mwaka 2022, dola milioni 100 kwa mpigo, kampuni ikathaminiwa dola bilioni 1.1. Wakati huo tayari ilikuwa na mamilioni ya wanafunzi na ilikuwa inatengeneza faida. Ofisi kuu? Noida. Mtu wa mbali anasubiri mpaka asiweze kupuuzwa. Wa Koramangala anapewa pesa ili akajaribu.

#15 · Dokta Pembeni

Na serikali? Haiwezi kuisukuma pesa itoke?

#16 · Mzigo wa Kuni

Imejaribu, zaidi ya mara moja. Jimbo la Gujarat lilianzisha mfuko wake, GVFL, Ahmedabad, mwaka 1990, na ni kati ya mifuko mikongwe ya nchi. Mwaka 2016 serikali kuu ikatenga rupia bilioni 100 kupitia SIDBI, benki ya maendeleo ya viwanda vidogo, ambayo makao yake ni Lucknow. Wazo lilikuwa la busara: serikali isichague kampuni yenyewe, iweke pesa kwenye mifuko binafsi, na kila mfuko uwekeze kwenye kampuni changa angalau mara mbili ya kile ulichopokea.

Umeona kilipo kikwazo? Pesa inatoka Lucknow, inapewa meneja wa mfuko, na meneja wa mfuko anaishi Bengaluru au Mumbai. Anaamka asubuhi anakutana na nani? Bomba limewekewa maji zaidi, lakini mdomo wake uko palepale. Mimi ningelipia mameneja wakae Coimbatore, Indore na Kochi miaka miwili, pesa ya mfuko ije baadaye. Najua ni rahisi kusema ukiwa na simu mkononi.

#17 · Binti Sefu

Haya kaka, umetuzungusha Lucknow mpaka California. Turudi kwenye basi. Ile kampuni yenu iliishia wapi? Bosi alihama?

#18 · Mzigo wa Kuni

Hakuhama. Alikodi dawati.

Kuna mtaa Bengaluru unaitwa HSR Layout, umejaa majengo ya ofisi za kuchangia. Tulilipia kiti kimoja kwa mwezi, kibao cha jina kikabandikwa ukutani pamoja na vibao vya kampuni nyingine kama arobaini, na mlinzi wa getini akawa anapokea barua zetu. Anwani ya kampuni ikabadilika kwenye kila karatasi. Mfuko mwingine, sio wa yule bwana wa nyanya, ukaingia na pesa kidogo. Kwenye taarifa yao ya mwaka huo tumeorodheshwa: Bengaluru. Kwa hiyo kuna mtu mahali fulani amejumlisha takwimu za miji na kuiongezea Bengaluru kampuni moja, wakati watu wote tisa tulikuwa Coimbatore na vumbi la pamba kwenye nywele. Tangu hapo nikisoma asilimia za mji huu umepata ngapi, huwa najiuliza madawati ni mangapi humo ndani.

Mwekezaji wetu alikuja Coimbatore mara moja tu kwa muda wote niliokuwepo, na hakuja kwa ajili yetu. Alikuwa anapanda Ooty kwenye harusi, na njia inapita hapo. Bosi akamwomba nusu saa, akampeleka kiwandani kwa mteja wetu wa kwanza. Kule ndani kelele hamwezi kusikilizana, mnaongea kwa mikono. Fundi mmoja mama wa makamo akamwonyesha taa yetu ikiwaka, akavuta uzi kwa kidole kabla haujakatika, akaunga, mashine haikusimama. Jamaa akabaki ameduwaa. Akaomba aone tena. Kisha akatoa simu, akaanza kuuliza mambo ambayo hakuna aliyewahi kutuuliza Koramangala: mashine ngapi kwa fundi mmoja, zamu ya usiku inakuwaje, uzi ukikatika unapoteza dakika ngapi.

Dereva wake alipiga honi mara tatu. Alifika harusini amechelewa, suti imejaa pamba.